Je, Wajua? Historia ya Wahindi Ilivyopita Malaba

Je, wajua kwamba amri ya kuwafukuza Wahindi wa Uganda haikutolewa Kampala? Ilitolewa Tororo, jirani kabisa na Malaba, mji wa mpakani mwa Kenya na Uganda. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alifika kwenye kambi ya jeshi ya mji huo na kuwaambia wanajeshi kwamba Wahindi wenye pasipoti za Uingereza ni jukumu la Uingereza, waondoke. Siku chache baadaye amri ilipanuliwa ikawagusa pia raia wa India, Pakistan na Bangladesh. Muda waliopewa ulikuwa siku 90, na mwisho wake ukawa tarehe 8 Novemba.

Vitabu na filamu hupenda kutuonyesha uwanja wa ndege wa Entebbe, na ule wa Stansted kule Uingereza ilikotua ndege ya kwanza tarehe 18 Septemba. Lakini wengi wa waliokuwa wakielekea India walipanda treni Kampala hadi Mombasa, wakaingia melini. Treni hiyo haikuwa na njia nyingine ila Tororo na Malaba. Reli yenyewe ilikuwa mali ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania hadi lilipovunjika mwaka 1977. Kwa hiyo familia zilizopoteza nyumba, maduka na makaburi ya wazee wao zilibebwa na mabehewa yetu sote, zikapita kwenye stesheni zetu bila kupewa ruhusa ya kukaa, maana Kenya ilikuwa imekwisha kusema haitawapokea.

Hapa Kenya tumezoea kusimulia mwaka 1972 kama habari ya jirani. Mimi sikubali. Miaka mitano tu kabla yake, Kenya ilikuwa imepitisha sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara, na maelfu ya Wahindi wasiokuwa na uraia wa Kenya walianza kukimbilia London. Waliondoka kwa wingi kiasi kwamba Februari 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha, kwa siku chache tu, sheria ya kuwazuia. Wasomi wanaoandika juu ya Wahindi wa Afrika Mashariki huisoma miaka hiyo miwili pamoja, 1968 ya Nairobi na 1972 ya Kampala. Nasi tunaoishi kati ya miji hiyo miwili tuna kila sababu ya kuisoma hivyo.

Mmoja wa waliofukuzwa alikuwa kijana aliyekuwa akifundisha Makerere, Mahmood Mamdani. Alizaliwa Bombay mwaka 1946, akakulia Kampala. Mwaka 1973 alitoa kitabu chembamba, From Citizen to Refugee, kinachoeleza zile siku 90 na maisha ya kambi ya wakimbizi London. Angeweza kuishia kwenye uchungu wake, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alijiuliza swali gumu zaidi: mbona Waganda wengi, watu wasiokuwa na ukatili wowote, waliishangilia amri ile? Mwaka 1976 alilijibu kwa kitabu kizito, Politics and Class Formation in Uganda. Alionyesha jinsi serikali ya kikoloni ilivyomweka Mhindi kwenye biashara na viwanda vya kuchambulia pamba, ikamzuia kwenye ardhi, huku ikimwacha Mwafrika alime pamba hiyo na kuiuza kwa bei aliyopangiwa. Ukanda huu wetu, kuanzia Teso hadi Bukedi, ulikuwa ukanda wa pamba. Mkulima hakumwona gavana akiipunja mizani. Aliyemwona alikuwa mwenye mizani. Hasira hiyo ilikuwa imelipuka mapema: katika ghasia za Buganda za mwaka 1949, kisha katika mgomo wa kutonunua kwenye maduka ya Wahindi ulioongozwa na Augustine Kamya mwaka 1959.

Wapo wasiokubaliana na Mamdani, wanaosema anaupunguza mno uovu wa Amin kwa kutazama mfumo. Mabishano hayo yako hai mpaka leo, na kitabu chake cha 2025, Slow Poison, kinachowapima Amin na Museveni pamoja, kimeyachochea upya. Mwanawe Zohran, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, ndiye meya wa New York tangu Januari 2026.

Kabla ya wasomi wa siasa kuandika, watunzi wa riwaya walikuwa wamekwisha kuona. Bahadur Tejani alitoa Day After Tomorrow mwaka 1971, kuhusu kijana wa Kihindi anayevunja ukuta wa jamii yake na kuoa Mwafrika. Mwaka uliofuata Peter Nazareth alitoa In a Brown Mantle. Riwaya zote mbili zilichapishwa na East African Literature Bureau, Nairobi. Nazareth alikuwa Mgoa aliyezaliwa Kampala mwaka 1940, na alifanya kazi katika Wizara ya Fedha ya Uganda. Riwaya yake imewekwa katika nchi ya kubuni iitwayo Damibia. Mhusika wake mkuu, Mgoa aliyejitosa katika siasa za uhuru, anaishia kuikimbia nchi aliyodhani ni yake. Ndani yake mna mwanasiasa mwingine, mwadilifu, anayeuawa, ambaye wahakiki wamemwona kuwa ni kivuli cha Pio Gama Pinto, mbunge aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Kitabu kilitoka mwaka ule ule Amin alipotoa amri yake. Watu wakamwita Nazareth mtabiri. Kwangu yeye alikuwa mtu aliyekaa ofisini, akasikiliza mazungumzo ya wakubwa, akaandika alichosikia wakati wengine walinyamaza.

Riwaya yake ya pili, The General Is Up, inausimulia ufukuzaji wenyewe. Je, wajua ilichapishwa wapi kwanza? Calcutta, mwaka 1984, na nyumba ya uchapishaji iitwayo Writers Workshop. Hadithi ya Uganda ilisomwa Bengal kabla haijafika kwenye rafu za Tororo.

Sasa tuje kwenye reli, maana hapa ndipo uongo ulipokita mizizi. Mtu akimwona Mhindi dukani Busia au Bungoma husema, "Huyu babu yake alijenga reli." Hesabu za serikali ya kikoloni zinakataa. Kati ya mwaka 1896 na kumalizika kwa ujenzi, vibarua 31,983 waliletwa kutoka India kwa mkataba, wengi wao Wapunjabi waliosafirishwa kupitia bandari ya Karachi. Kati yao 16,312 walirudishwa kwao mkataba ulipokwisha, 6,454 walirudishwa kwa maradhi au majeraha, 2,493 walikufa, na 6,724 tu ndio waliobaki. Mwanahistoria J. S. Mangat, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya Wahindi wa Afrika Mashariki, alieleza kuwa wenye maduka wengi walikuja kwa njia nyingine kabisa. Walikuwa Wagujarati waliojilipia nauli, wakifuata ndugu na biashara za kale za Bahari Hindi ambazo zilikuwapo karne nyingi kabla ya Mwingereza. Mkubwa wao alikuwa Allidina Visram, aliyetokea Kutch, akaanzia Bagamoyo na Zanzibar, akatandaza maduka hadi Uganda, na kufariki mwaka 1916.

Tena reli ya vibarua hao wa mwanzo haikufika Malaba. Iliishia ziwani Kisumu mwezi Desemba 1901. Hii tunayoiona ikivuka mto kuingia Uganda ni ya miaka ya 1920, tawi lililotoka Nakuru likapanda Eldoret, likashuka Tororo, na kufika Kampala mwaka 1931. Vibarua wake walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa. Nimeona majina ya Wapunjabi yakiheshimiwa kwa haki kwenye vitabu vingi vya picha, na nafurahi. Ningependa kuona kitabu kama hicho kwa waliolaza mataruma ya hapa.

Na Kisumu yenyewe? Ujenzi wa reli ulipoanza, Kisumu ilikuwa Uganda. Reli ilipofika, bado ilikuwa Uganda. Aprili 1902 Waingereza wakahamisha mpaka, na jimbo zima la mashariki ya Uganda, pamoja na nchi ya Wateso wa upande huu, likawa la himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Kwa hiyo mwanahistoria anayekuta katika nyaraka za miaka hiyo maneno "Wahindi wa Uganda" lazima kwanza aulize tarehe.

Fedha iliyotumika pande zote mbili siku hizo ilikuwa rupia ya India. Iliondolewa mwaka 1920, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi.

Mwaka 1923 serikali ya London ilitoa Waraka wa Devonshire, uliotamka kuwa Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao yatatangulia. Tunaufundisha shuleni kama ushindi wa Mwafrika. Waraka huo ulitokana na ugomvi wa watu wengine: walowezi wa Kizungu na Wahindi walikuwa wakivutana juu ya kura, ardhi ya Nyanda za Juu na uhamiaji, na London ikajitoa katikati kwa kumtaja Mwafrika ambaye haikuwa imemwita mezani. Wahindi waliona wameshindwa. Januari 1924 mkutano wao mkuu wa kisiasa, East African Indian National Congress, ulikaa Mombasa chini ya uenyekiti wa mshairi kutoka India, Sarojini Naidu. Mwaka uliofuata mama huyo aliongoza chama cha Congress cha India yenyewe, Mhindi mwanamke wa kwanza kupewa kiti hicho. Mshairi aliyesimama na Gandhi alikuwa amepitia kwetu kwanza.

Sana Aiyar, katika Indians in Kenya cha mwaka 2015, anaifuatilia siasa hiyo kwa zaidi ya miongo sita. Anaonyesha viongozi wa Kihindi walioanza kwa kudai haki kama raia wa dola ya Uingereza, wakati mwingine wakijiweka juu ya Mwafrika, na jinsi baadhi yao walivyobadilika wakawa washirika wake. M. A. Desai alimchapia Harry Thuku vipeperushi mwaka 1921. Makhan Singh, Singasinga aliyezaliwa Punjab mwaka 1913, aliunda chama cha wafanyakazi Nairobi miaka ya 1930 kikiwa wazi kwa watu wa rangi zote. Tarehe 23 Aprili 1950 alisimama Kaloleni akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wakamkamata mwezi uliofuata, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Zaidi ya miaka 11 Lokitaung, Maralal na kwingineko kaskazini! Kenyatta alikuwa amekwisha kutoka kabla yake. Bila kazi ya mwandishi Zarina Patel, aliyetoa wasifu wa Makhan Singh mwaka 2006, watoto wetu wasingekuwa na mahali pa kuanzia kumjua, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu nchi aliyofungwa kwa ajili yake ilimpa nafasi ndogo sana baada ya uhuru hadi alipofariki mwaka 1973.

Je, wajua kwamba mabishano makali kuliko yote juu ya lugha ya fasihi ya Kiafrika yalipigwa katika jarida lililoanzishwa na Mbengali wa Kampala? Rajat Neogy, aliyezaliwa huko mwaka 1938, alianzisha Transition mwaka 1961. Mwaka 1963 Obi Wali aliandika humo kwamba fasihi ya Kiafrika ikiandikwa kwa lugha za Ulaya haina pa kwenda. Mwaka 1965 Chinua Achebe akatoa hoja yake ya kukitetea Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi Makerere jarida lilipozaliwa, baadaye aliigeuza hoja ya Wali kuwa kazi ya maisha yake. Oktoba 1968 serikali ya Obote ilimfunga Neogy pamoja na mbunge Abubakar Mayanja kwa mashtaka ya uchochezi. Alipotoka alihamia Ghana na jarida lake. Leo linatolewa Harvard. Naisikitikia Kampala kwa hasara hiyo.

Mwaka 1966 V. S. Naipaul, mjukuu wa vibarua Wahindi wa Trinidad, alikuwa mgeni wa Makerere. Kampala ilimchosha, akavuka kuingia Kenya na kukaa katika hoteli ya Kaptagat karibu na Eldoret, akiimalizia riwaya ya The Mimic Men. Nobel ilimfikia mwaka 2001.

Upande wa pili wa mpaka, mjini Jinja, kuna sanamu ya Gandhi iliyozinduliwa mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral. Sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa hapo kwenye chanzo cha Nile mwaka 1948. Nanji Kalidas Mehta, tajiri wa sukari ya Lugazi, ndiye aliyegharimia jumba la kumbukumbu la Kirti Mandir huko Porbandar, mahali alipozaliwa Gandhi. Tawasifu ya Mehta, aliyoiandika kwanza kwa Kigujarati, sasa inasomwa vyuoni kama fasihi. Gaurav Desai ameichambua katika Commerce with the Universe cha mwaka 2013, akaonyesha jinsi mfanyabiashara anavyojichora kama mtangulizi na mjenzi, na jinsi Waafrika waliolima miwa yake wanavyofifia ukurasa baada ya ukurasa. Huo ni usomaji ninaouheshimu: haumtukani mzee, wala haumwachi ajisimulie peke yake.

Fasihi ya India iliyowafikia wengi zaidi huku haikuwa kitabu. Ilikuwa filamu. Laura Fair, katika Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameeleza jinsi Awara ya Raj Kapoor ilivyowateka watazamaji wa Zanzibar na Tanganyika miaka ya 1950. Kwenye vibanda vya video vya mpakani, filamu za namna hiyo husimuliwa upya na sauti ya msimuliaji, kwa Kiganda upande mmoja na kwa Kiswahili cha DJ Afro upande wa pili.

Sasa jambo ambalo mtu wa Malaba anapaswa kulijua kuliko mwingine yeyote. Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatangaza Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa jamii ya 44 ya nchi hii, baada ya Wamakonde kutambuliwa mwaka huohuo. Vuka daraja. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ina jedwali la jamii za asili, zile zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi kufikia tarehe 1 Februari 1926. Wateso wamo, sawa na huku. Wahindi hawamo, ingawa Allidina Visram alikuwa amekwisha kufungua maduka yake, kutajirika, na kuzikwa miaka 10 kabla ya tarehe hiyo. Mhindi wa Uganda anaweza kuwa raia, na waliorudi baada ya 1986 wengi walirejeshewa majengo yao chini ya sheria ya 1982, lakini katika jedwali hilo hana mstari. Mtu mmoja mwenye babu mmoja, akitembea dakika chache, huhama kutoka jamii ya nchi hadi kuwa mgeni wa miaka mia moja. Mamdani alikwisha kueleza chanzo chake mwaka 1996 katika Citizen and Subject: mkoloni aliwagawa watu kuwa "makabila" yaliyotawaliwa na machifu kwa sheria za kimila, na "mataifa ya rangi" yaliyotawaliwa kwa sheria zilizoandikwa. Mteso alikuwa na chifu. Mhindi wa duka jirani alikuwa na kitabu cha sheria.

Na kitabu hicho kilitoka India. Kwa miaka mingi ya ukoloni, mahakama za Kenya zilitumia Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, hadi ilipobadilishwa mwaka 1930. Sheria ya India ya kuhamisha umiliki wa mali, ya mwaka 1882, ilitumika Kenya kwa baadhi ya ardhi hadi mageuzi ya sheria za ardhi ya mwaka 2012. Iliyodumu kuliko zote ni Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1872, iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen, ami yake mwandishi Virginia Woolf. Uganda iliichukua karibu kama ilivyo mwaka 1909. Kenya iliitumia yenyewe hadi tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili kabla ya uhuru, ilipoanza kutumika sheria yetu iliyojengwa juu ya msingi uleule. Kanuni inayomlinda mshtakiwa asihukumiwe kwa maneno aliyokiri mbele ya askari wa cheo cha chini ina mizizi India, kwa sababu waandishi wa sheria ile hawakuwaamini polisi wa huko. Leo inamlinda dereva wa lori aliyeshikwa kwa magendo, awe mbele ya hakimu wa Busia ya Kenya au wa Busia ya Uganda, na mawakili wa pande zote mbili bado hutaja hukumu za kale za Bombay na Calcutta.

India yenyewe imeiweka kando. Sheria mpya ya ushahidi ilianza kutumika huko tarehe 1 Julai 2024, ikachukua nafasi ya ile ya 1872. Mwanafunzi wa sheria wa Delhi anayetaka kuyaona maneno ya Stephen yakifanya kazi mahakamani sasa anaweza kuvuka bahari, na akifika kwetu atayakuta kila upande wa mpaka.